Unasali wapi?

Wiki jana amehamia jirani mpya mlango wa tatu kutoka kwangu, mama wa watoto wawili, katokea upande wa Busia, na ile jioni ya kwanza nikampelekea jerikeni ya maji manake mfereji wake ulikuwa bado haujafunguliwa, tukasimama pale mlangoni tukapiga stori kidogo, akaniuliza mambo matatu kama tunavoulizana wote hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, jina lako nani, kabila lako gani, na unasali wapi. Mawili ya kwanza nikajibu haraka. La tatu nikamwambia dada, mimi sina pahali, nasalia hapahapa nyumbani. Akanyamaza, akanishika mkono, akasema "pole."

Ile pole ilitoka moyoni, nataka hilo lieleweke, hakuwa ananisema vibaya. Alinipa pole kama mtu aliyesikia nimefiwa. Na mimi nimekaa nayo wiki nzima, ofisini niko nayo, kwenye boda niko nayo, mpaka nikaona bora niandike, sababu najua siko peke yangu, kuna watu wengi tu huwa wananiuliza haya mambo kwa kunong'ona, wanafunga mlango kwanza ndio wanauliza.

Shida inaanzia kwenye maneno. Huko Ulaya na Marekani mtu akisema ana mambo yake ya kiroho lakini hana dini, anaeleweka, ni kitu cha kawaida siku hizi. Sisi ukisema "mimi ni mtu wa kiroho" watu wanajua umeokoka, unafunga siku arobaini, unakesha kila Ijumaa na una chupa ya mafuta ya upako kwenye mkoba. Na ukisema "sina dini" ndio umeharibu kabisa, manake "hana dini yule" kwa Kiswahili ni tusi, ni mtu anayeweza kula mali ya yatima na akalala usingizi wake vizuri. Sasa mtu kama mimi ajiite nani?

Lakini ukiacha hayo majina makubwa ukasikiliza tu Kiswahili tunachoongea kutwa, utaona kinajua hii kitu zamani. Roho iko kila mahali na hatuitaji padri wala shehe kuielewa. Ana roho nzuri, ana roho mbaya, roho inaniuma, roho imetulia, nimekaa roho juu, amekata roho. Hapa mpakani kuna dereva hajaingia msikitini miaka na miaka, lakini ukiuliza madereva wenzake watakwambia yule ana roho safi, na kila mtu anaelewa wanamaanisha nini, kwamba atakuachia chakula chake, hatakudanganya chenji, ukiharibikiwa njiani usiku hatakupita. Hata imani. Tunasema imani kwa maana ya kumwamini Mungu, halafu tunasema "hana imani huyo" tukimaanisha hana huruma. Neno ni hilohilo moja. Mimi hilo linanigusa sana kila nikilifikiria, kwamba kwenye hii lugha ukikosa huruma umeshakosa imani, hata kama unasali wapi.

Tatizo ni kwamba hapa Uganda dini haijawahi kuwa jambo la mtu na Mungu wake tu. Uislamu ulifika kwenye baraza la Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, 1844, Waprotestanti wakaja 1877, Wakatoliki 1879, na haikuchukua miaka mingi watu wa ikulu moja wakawa wanalengana bunduki, mpaka ile vita ya Mengo ya Januari 1892 ambapo Wakatoliki waliitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, na hao wote ni Waganda, watoto wa baba zao na mama zao. Vyama vilipokuja navyo vikapita njia hiyohiyo, chama cha DP, Democratic Party, kilichokuwa na Wakatoliki wengi, watu wakakiita Dini ya Papa. Kwenye sensa ya 2014 Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 39, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14, walokole kama 11, na wale waliosema hawana dini hawakufika hata asilimia 1. Kwa hiyo yule jirani aliponiuliza nasali wapi alikuwa ananiuliza mimi ni wa nani, nikikwama na karo nani atanichangia, nikifanya harusi nani atasimama, na juu ya yote nani atanizika. Hilo la mwisho ndilo lenyewe. Nitalirudia.

Mimi nimezaliwa 1990 kwenye kambi ya polisi Tororo. Baba alikuwa Mwaringa, kabila la Yumbe kule kaskazini magharibi, Mwislamu wa swala tano. Mama ni wa Padhola, hapahapa upande wa Tororo, Mkatoliki. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, Kiswahili cha kambini ndicho kilichowakutanisha na ndicho ninachoota nacho usiku mpaka leo. Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa naenda kuraani na mtandio wangu, likizo zikifika napelekwa kijijini kwa bibi mzaa mama, Jumapili tunaenda misani, na hakuna mtu aliyeona ajabu, Idi tunakula pilau, Krismasi tunakula pilau.

Bibi alikuwa anaamka giza bado. Hawashi taa. Anatoka miguu peku na kibuyu cha maji, anasimama katikati ya uani pale kwenye udongo uliofagiwa, anamimina kidogo, anasubiri, anamimina tena, na yale maji yakiangukia vumbi yanaacha alama nyeusi za duara kama sarafu, nilikuwa nikiamka nazihesabu kabla jua halijazikausha. Akimimina anataja majina. Kwanza waliokufa, wengi nilikuwa siwajui, halafu sisi wajukuu mmoja mmoja, na hata yule mjomba aliyeuza shamba bila kumwambia mtu alitajwa, kila siku, hajarukwa hata mara moja. Halafu ananyamaza. Kunyamaza kwenyewe kulikuwa kurefu kuliko kusema. Mimi niko mlangoni nimejifunika shuka mpaka kichwani, naona mgongo wake tu na ule mvuke wa asubuhi, na nilikuwa naogopa kukohoa.

Siku moja nikamuuliza, bibi huwa unaongea na nani? Akasema Were. Akanieleza kwamba wazee wa Padhola wanamjua Were kwa njia mbili, kuna Were madiodipo, huyo ni wa uani, anakaa na nyumba na watu wake, na kuna Were othim, wa porini, huyo anatembea na mtu akitoka kwenda kuwinda, kwenda vitani, kwenda mbali. Nikamuuliza sasa ni Mungu wawili? Akacheka mpaka akashika magoti. Akaniuliza na wewe ukiwa hapa na ukiwa shuleni ni watoto wawili?

Halafu Jumapili ileile akavaa gomesi yake, rozari mkononi, tukatembea zaidi ya saa nzima kwenda misa, na wakati wa komunyo wenzake wakainuka wakaenda mbele, yeye akabaki amekaa. Alikuwa mke wa pili. Miaka yote ile alibaki amekaa kwenye lile benchi na sikuwahi kumsikia akinung'unika. Mimi nilikuwa nabaki naye, nikijua kwamba sisi wawili ndio tunaobaki.

Nilipokuwa mkubwa nikasoma jinsi Okot p'Bitek, yule msomi na mshairi wa Gulu, alivyoeleza habari ya jina la Mungu kwa Waacholi. Wamisionari waliwauliza wazee nani aliyewaumba, lakini lugha haikuwa na hilo wazo la kuumba, ikabidi swali liwe nani aliyewafinyanga, kama chungu, wazee wakaona hayo maswali hayaishi, na mwisho wakakumbuka ile nguvu inayomfinyanga mtu mgongo ukapinda akawa kibiongo, inaitwa Rubanga, wakajibu Rubanga. Wakaandika. Na hilo ndilo jina watu wanalia nalo wakisali, mpaka leo. Kuna wanaosoma hiyo wanacheka au wanakasirika, mimi nilikaa kimya. Nilifikiria wamama wa kule kaskazini waliomwita Rubanga usiku miaka ile ya vita, watoto wao wametekwa, na sidhani kuna hata mmoja ambaye hakusikilizwa eti kwa sababu jina liliingia kwa njia ya makosa.

Kampala nilienda kusoma 2010, na mwaka uliofuata nikaokoka. Sitaki kuandika mabaya tu hapa manake si kweli. Kule kwenye kesha nililia kilio ambacho sikuwa najua ninacho, watu nisiowajua wakanishika, na kuna dada mmoja alinipa nusu ya pesa yake ya hosteli nilipokuwa sina. Hayo yalikuwa ya kweli na nitayashukuru mpaka kufa. Lakini pia kulikuwa na kupanda mbegu, tuma elfu hamsini kwa simu Mungu akufungulie, na kulikuwa na habari za roho za ukoo, kwamba yale maji ya bibi yangu ni agano na mapepo na lazima nilivunje kwa kinywa changu mbele ya watu. Nikalivunja. Nilisimama mbele nikasema maneno niliyoambiwa niseme, juu ya bibi yangu, yule aliyekuwa akinitaja kila alfajiri. Hilo nimeshamwomba msamaha mara nyingi na nitaendelea.

Baba akafariki 2013. Asubuhi amekata roho, kabla ya swala ya alasiri ameshazikwa, ndugu zake wa Yumbe wakafika kesho yake wakakuta kaburi. Nilikuwa natazama kwa mbali na wanawake wenzangu, nikaona sanda nyeupe ile ambayo ni sawa kwa ofisa na kwa mchuuzi, nikaona wanaume wanapokezana jeneza begani hatua chache chache ili kila mtu abebe, hata kijana aliyekuwa akimletea maziwa alipata zamu yake. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Nikarudi Kampala na hiyo picha, nikaenda kwa mchungaji nikitaka tu mtu wa kukaa na mimi, akaniambia baba yako amekufa nje ya neema, usipoteze nguvu kumwombea, jiombee wewe. Nikamwambia asante. Nikatoka, na sikurudi.

Baada ya hapo ilipita kama mwaka sina kitu. Sio uhuru, watu wanafikiri mtu akitoka anapumua, mimi nilikuwa kama mtu aliyezima redio iliyokuwa ikipiga kelele akagundua nyumba ni tupu. Mwenzangu wa kazini akanipeleka Kikaaya, kwenye lile hekalu la Wabahai juu ya kilima. Lilifunguliwa 1961, la kwanza Afrika nzima, lina pande tisa na milango tisa, ndani hakuna mahubiri, hakuna kinanda wala ngoma, watu wanasoma maandiko ya dini mbalimbali na kuimba kwa sauti tupu, na ukitaka kuingia ukae tu kimya hakuna anayekuuliza unasali wapi. Sikujiunga nao. Wabahai wana dini yao, dini kamili yenye sheria zake na mafungo yake, nisije nikawageuza kuwa kitu ambacho sio. Lakini yale majani ya pale nje, kwenye ile bustani kubwa, nilikaa pale Jumapili nyingi sana, na ni pale nilipoanza tena kutaja majina. Nilianza na baba.

Halafu bibi.

2015, mwezi wa nne, mvua. Tulimweka sebuleni kwake, watu wamejaa, turubai limefungwa, sufuria ziko motoni, tunamsubiri katekista. Akaja, akafungua kitabu chake, akaulizauliza, akasema hawezi kuongoza ibada. Marehemu hakuwa na ndoa ya kanisa na michango yake ilikuwa na deni la miaka. Alisema kwa heshima, nadhani na yeye alikuwa ametumwa, hakutuangalia usoni. Wajomba wakaanza kupandisha sauti, mmoja akatoa pesa mfukoni alipe lile deni palepale, mwingine anamzuia, mama yangu amekaa chini ameziba uso na kanga.

Akainuka mke mwenza wa bibi. Yule mkubwa, mwenye ndoa, aliyekuwa akipanda mbele kupokea wakati bibi anabaki kwenye benchi. Hawa wawili walikaa boma moja zaidi ya miaka arobaini na kuna vipindi walikuwa hawasalimiani, tulikuwa tunatumwa sisi watoto kupeleka maneno, mwambie mwenzangu mbuzi wake amekula mahindi yangu. Akainuka na fimbo yake, akatoa rozari, akaanza peke yake, sauti yenyewe imekwisha, Salamu Maria kwa Kidhopadhola, na watu wakaingia mmoja mmoja mpaka lile turubai lote linaitikia. Akamaliza mafungu yote matano. Tulipoteremsha jeneza akaomba maji. Nilikuwa karibu, mimi ndiye nilimpa, kwenye kikombe cha plastiki cha bluu. Akamimina kidogo kaburini, akasubiri, akamimina tena. Akamtaja bibi kwa jina lake la utotoni ambalo hakuna hata mmoja wetu alikuwa analijua.

Mimi nikiulizwa nini maana ya kuwa na roho bila dini siwezi kujibu kwa nadharia. Narudi kwenye kile kikombe. Yule mama alikuwa na dini, tena dini yake ndiyo iliyompa yale maneno ya kusali, sisemi kwamba aliitupa. Lakini ilipofika pahali ambapo kitabu kilisema simama, kuna kitu ndani yake kilisema endelea, na hicho kitu hakikutoka kwenye kitabu.

Sasa mimi nafanyaje, manake watu wanauliza hilo, kwamba kama huna pahali je unafanya nini haswa au ni maneno tu. Adhana ya alfajiri ndiyo inayoniamsha, nashukuru msikiti uko karibu. Natoka nje na sigiri, naweka makaa, nawasha na kipande cha mfuko wa karatasi, nakaa kwenye kigoda. Muda wangu ni ule wa makaa kushika, sina saa. Mwanzo kunakuwa na moshi na kichwani pia mambo ni moshi mtupu, kontena la fulani, kodi ya nyumba, nani hajanijibu simu. Halafu yale makaa ya chini yanaanza kuwa mekundu bila wewe kuona yameanza saa ngapi. Namimina maji. Nataja baba, nataja bibi, nataja mke mwenza wake ambaye naye alimfuata 2019, nataja watoto wa dada yangu, nataja wale ninaowachukia na hapo ndio panaponichukua muda. Halafu najiuliza jana nimemdanganya nani.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha na hii kazi uongo unakukaa mdomoni kama mate. Mteja anapiga simu kutoka Kampala, unamwambia karatasi ziko kwa ofisa, wakati hujazigusa hata. Dereva anakuuliza ni lini, unamwambia jioni, unajua ni kesho kutwa, na yeye analala chini ya trela na mbu. Kwa hiyo nimejiwekea kwamba kila nikikaa pale lazima nitoke na uongo mmoja wa kurekebisha, napiga simu kabla ya saa mbili namwambia mtu kaka, jana sikukwambia kweli. Kuna mteja nimempoteza hivo. Na kuna siku natoka kwenye kigoda nikijua kabisa nani wa kumpigia na sipigi. Hakuna wa kunikemea, hakuna kitubio, hakuna Ijumaa ya kusema nitaanza upya, ni mimi na hilo jina mpaka jioni.

Hapo ndipo ninapokubaliana na wanaonipinga. Shangazi yangu wa Yumbe, mtu ninayempenda kuliko wote upande wa baba, aliniambia mwanangu, wewe unajichagulia, na mtu anayejichagulia dawa hachagui ile chungu. Sina jibu la kumshinda. Dini inakupa mwenzio wa kukuambia umekosea, inakulazimisha ukae benchi moja na mtu usiyempenda, inakuita wakati hutaki kuitwa. Mimi nisipoamka hakuna anayejua. Nilimwambia shangazi ni kweli, na kwamba hao wa kutuongoza nao wakikosa wa kuwaambia wamekosea inakuwa mbaya zaidi, nilikuwa na miaka kumi ile Machi 17, 2000 mamia ya waumini wa dhehebu moja walipoteketea ndani ya kanisa lao Kanungu, kwa kuwafuata viongozi wao, na nakumbuka baba alivyorudi kutoka kazini akakaa bila kuvua buti. Shangazi akasema hiyo nayo ni kweli. Tukakaa kimya, akanimiminia chai. Ramadhani nafunga naye zile siku kumi za mwisho, naenda Yumbe nikipata ruhusa, nafuturu naye, hajawahi kuniuliza nafunga kama nani.

Na 2018 nilitembea kwenda Namugongo, pale wanapokumbukwa mashahidi wa Uganda, wiki kadhaa za miguu kwa kupumzika njiani, na mama na kikundi cha parokia yao, kufika kabla ya Juni 3. Watu wanatoka mpaka Kenya, Kongo, Tanzania kwa miguu. Nilitaka kuwaheshimu wale vijana, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 kwenye hesabu zao, wengi wao walichomwa 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wale vijana wa Kiislamu waliouawa kabla yao enzi za Kabaka Muteesa ambao hawatajwi sana. Siku ya nne miguu ilipasuka, kuna mzee akanifunga na kitambaa chake, akaniuliza umebeba nia gani. Nikamwambia nimekuja kushukuru tu. Akasema hiyo ni nzito kuliko zote, tembea polepole.

Januari 2022, ile foleni ya vipimo vya korona, malori yalipanga kutoka hapa mpakani kurudi ndani ya Kenya kilomita na kilomita, madereva wamelala barabarani siku nyingi, na mimi nilikuwa napita na boda kuwapelekea karatasi. Usiku mmoja dereva wa Kwale akanishika mkono wa jaketi, kijana kabisa, akaniambia dada, mama yangu amefariki mchana, wanamzika kesho asubuhi, siwezi kuacha mzigo, siwezi kufika. Alikuwa halii. Alikuwa amekaa juu ya jerikeni kichwa chini karibu na tairi la mbele. Nikamwambia mwenye boda aende. Nikakaa chini palepale kwenye lami. Akaniuliza wewe ni Mwislamu? Nikamwambia baba yangu alikuwa. Akasema basi nisaidie, akasoma Fatiha, akakwama katikati, mimi nikamshikia pale alipokwama kama nilivofundishwa kuraani kambini, akamaliza. Halafu tukanyamaza, malori yamezima injini zote, kuna vyura tu kwenye mtaro. Nikafungua chupa yangu ya maji nikamimina kidogo kando ya tairi. Akaniangalia, hakuuliza. Akachukua chupa, akamimina na yeye, akamtaja mama yake.

Nilimfikiria Were othim usiku ule, wa porini, wa njiani. Tukakaa mpaka karibu saa kumi.

Sasa lile la kuzikwa nilisema nitalirudia. Hapa Malaba tuna chama cha kuzikana, ile kitu Waganda wanaita munno mukabi, mawakala, madereva, mama lishe, wabeba mizigo, kila mtu anaweka elfu kumi kwa mwezi na ukifa wanakusafirisha, wananunua jeneza au sanda, wanapika. Nilikuwa nakwepa kujiunga miaka yote kwa sababu ya ile fomu. Jumatatu, baada ya ile pole ya jirani, nikaenda. Katibu ni mzee mmoja Mwislamu wa Bombo, ana miwani imefungwa na uzi, anaandika pole pole kwa herufi kubwa. Jina, akaandika. Simu, akaandika. Mtu wa karibu, nikasema dada yangu. Akafika kwenye dini, akasubiri, kalamu iko juu.

Nikamwambia mzee, hapo mimi sina cha kuandika.

Hakushtuka. Akavua miwani, akaifuta na kanzu, akairudisha. Akasema, "Mwanangu, mimi hiyo nafasi inanisaidia kujua tu nimwite nani na tukupeleke wapi. Ukifa, tukupeleke wapi?"

Nikamwambia kwa bibi yangu, Padhola, uani, upande wa kulia wa kaburi lake kuna nafasi. Na mtu yeyote atakayekuwepo amimine maji.

Akaandika UANI, MAJI. Akanikatia risiti ya elfu kumi, akaita mwingine.